Mtungi wa Mama

Nikinusa ubani nashikwa na kiu. Wenzangu wakiunusa, huyu anakumbuka arusi yake, yule anakumbuka maulidi ya kwao, mwingine maiti aliyelazwa chumbani akisubiri jeneza. Mimi koo linakauka tu. Juzi tulikuwa kwa jirani, tunamfukiza binti yake aliyejifungua, na ule moshi ulipopanda nikaomba maji hapo hapo. Nikaletewa chupa ya plastiki kutoka kwenye friji, baridi ya kuumiza meno, na meno yenyewe ndiyo haya machache yaliyobaki. Nikanywa yote. Kiu haikutoka. Msichana aliyenipa akauliza aniongeze, nikamwambia ahsante, yatosha, maana ningemweleza nini mtoto wa watu.

Ninyi mliozaliwa siku zetu mnaelewa. Siku hizi maji yanasifiwa kwa kutokuwa na ladha, kutokuwa na rangi, kutokuwa na harufu, sasa sijui kilichobaki cha kusifiwa ni nini. Zamani kila nyumba ilikuwa na maji yake. Ungefungwa kitambaa machoni ukapewa kata moja unywe, ungejua uko kwa nani. Na hapa Tanga, mtaani kwetu Chumbageni, maji yaliyokuwa na jina yalikuwa ya bibi yangu, mama yake mama.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya udongo, mbele imepakwa chokaa, nyuma imeachwa hivyo hivyo, kwa kuwa nyuma, alisema, hakuna wa kumringia. Uani kulikuwa na kisima upande wa jiko na choo cha shimo upande wa pili, na katikati yao mpapai. Mpapai ule ulizaa mpaka ukachoka. Mapapai yake makubwa, mekundu ndani, na bibi alipenda kuwaambia wageni kwamba ardhi ya uani kwake ina baraka. Wageni waliitikia huku wakila.

Mtu asije akadhani bibi yangu alikuwa mchafu. Hilo sitaki kulisikia, na aliyewahi kulisema mbele yangu anajua nilimjibu nini. Ua ulifagiliwa asubuhi, ukafagiliwa tena alasiri. Aliyetia mkono mtungini badala ya kata alipigwa kofi la mkono huo huo. Maji ya kunywa yalivutwa kisimani kwa debe, yakachujwa kwa kitambaa cheupe cha bafta, yakaachwa yatulie. Mtungi wenyewe ulisuguliwa ndani kwa makumbi ya nazi, ukasuuzwa, ukaanikwa juani ukauka kabisa. Kisha ndipo ilipokuja kazi niliyoipenda. Bibi alitia makaa ya moto katika chetezo, akadondosha punje za ubani, akauinamisha mtungi juu yake, mdomo chini, mpaka ukajaa moshi. Akaugeuza haraka na kumimina maji kabla moshi haujatoroka, mimi nimesimama na kifuniko cha ukili mkononi, tayari kufunika. "Haya, mke mwenzangu, usilale," angesema. Ndivyo alivyoniita siku zote, utani wa bibi na mjukuu.

Maji yaliyofukizwa, kwa kauli ya bibi, hayana kitu ndani. Na kweli ukiyanywa yalikuwa baridi, yana chumvi kwa mbali sana, yana udongo wa mtungi, na nyuma ya yote hayo ule ubani unakupanda puani. Uchafu tulioujua sisi ni ule unaoonekana na unaonuka. Yale maji yalikuwa meupe na yananukia.

Kulikuwa na mpishi mmoja aliyefanya kazi kwa wazungu huko Raskazone, akipita kwetu jioni na baiskeli yake, akishuka kwa ajili ya kata moja tu. Alimwambia bibi kwamba kwa mabwana zake maji yanachemshwa kwanza, kisha yanachujwa, na yakishafanyiwa yote hayo hayana ladha hata kidogo. Bibi aliwaonea huruma. Bomba la serikali lilikuwepo pale njia panda, lakini hilo lilihesabiwa kuwa la wageni waliokuja kwa kazi za mkonge, wasio na visima vya babu zao. Maji yake yalinuka dawa. Bibi alisema yananuka hospitali, na mtu mzima huenda hospitali akiugua, haendi huko kwa kiu.

Sasa nimseme mama. Baba yangu alikuwa baharia, akaenda Mombasa akapata mke huko, na habari yake imeishia hapo. Mama akarudi kwa mama yake na mimi mgongoni. Alishona kofia. Ninaye kwa vipande: sindano kati ya midomo, mguu mmoja uliokunjwa mkekani, wimbo aliokuwa akiuimba bila maneno. Kipande kilicho kizima ni kimoja. Nikitoka chuoni, nimekauka kwa kusoma Kurani kwa sauti tangu asubuhi, alinipokea mlangoni, akachota maji, akaonja kidogo yeye kwanza, kisha akaniinamia akaninywesha mwenyewe, mkono wake mmoja chini ya kidevu changu ili maji yasinimwagikie. Shingoni alikuwa na kikuba, na asumini yake iliingia katika yale maji pamoja na ubani. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kujinywea. Nilijifanya siwezi, naye akajifanya hajui.

Masika moja mvua ilinyesha mpaka kisima kikajaa karibu na mdomo, na tumbo likaingia mtaani. Halikuwa jambo geni. Karibu kila masika lilikuja, likachukua vitoto vichanga na mzee mmoja au wawili, watu wakazika, wakasema ni amri ya Mungu, jua likatoka. Mwaka ule lilimwingia mama. Alianza kuharisha na kutapika jioni, asubuhi macho yamezama na sauti imekwenda. Bibi hakutoka kando yake. Walikuja kina mama wa mtaani, kila mmoja na dawa yake, na kwa jambo moja wote walikuwa kauli moja: mwenye kuharisha hapewi maji. Ukimpa, unamwongezea. Ndivyo ilivyojulikana, na bibi alikuwa mtu wa kufuata yanayojulikana.

Mama aliomba maji. Hakuomba kingine. Walimlowesha midomo kwa kitambaa, akakinyonya, wakakivuta. Mtungi ulikuwa mle mle chumbani, pembeni, na mimi niliyesimama mlangoni nilimwona akiuangalia. Bibi naye alimwona. Akanyanyuka, akaukumbatia mtungi, akautoa nje, ili macho ya mwanawe yapumzike. Nilimpisha akipita nao, machozi yanamchuruzika mpaka shingoni, na maji mtungini yakicheza kwa sauti. Adhuhuri ilipoadhiniwa mama hakuwa akiomba tena. Alasiri haikumkuta.

Watu walisema ni kijicho. Walimtaja hadi mwenye kijicho chenyewe, mwanamke mmoja aliyewahi kusifu kofia za mama, naye akahama mtaa kwa aibu ya jambo asilolifanya. Kisima hakuna aliyekitaja. Katika matanga yale tulikunywa hayo hayo maji, tukapikia wali wa hitima, na bibi akasifiwa kama kawaida.

Ilipopita arobaini, bibi alinunua mtungi mpya, mkubwa, akauweka barazani penye kivuli na kata juu yake. Ulikuwa mtungi wa sabili: maji ya sadaka, anywe yeyote apitaye bila kuuliza, na thawabu zake zimwendee marehemu. Mwalimu wetu wa chuoni alinieleza vizuri kabisa. Alisema kila anayekunywa pale, mama yangu huko aliko anafikiwa. Mimi nikaelewa kitoto. Nikaelewa kwamba anafikiwa na maji.

Basi nikawa mlinzi wa mtungi. Nilikaa barazani nikitazama makoo ya watu. Mtu akimeza, nilijua na mama huko kameza. Aliyeomba kwa siku nzima akanyimwa, sasa anakunywa, na mimi ndiye ninayemnywesha. Niliwachukia walioonja wakamwaga. Mpishi wa Raskazone nilimpenda kupita kiasi kwa kuwa alikunywa kata nzima bila kupumua, na nilimsihi arudie, akadhani ni malezi mema. Muuza samaki, fundi baiskeli, watoto wa chuoni, wote niliwakamata. Rafiki yangu Saumu, mtoto wa nyumba ya pili, ndiye pekee niliyempa siri yangu. Yeye alikunywa hata pasipo kiu, mpaka tumbo likawa linamcheza akikimbia. "Funda hili la mama yako," angesema, akimeza. "Na hili tena." Sijapata rafiki mwingine wa namna hiyo.

Masika iliyofuata tumbo likarudi, likamshika Saumu.

Mwaka huo ndipo alipokuja Bwana Afya. Jina lake sikulijua, sote tulimwita hivyo. Alikuwa Mbondei wa Muheza, mwembamba, kaptula ya kaki na soksi zilizovutwa mpaka magotini, akiongoza baiskeli katika matope. Alimwamkia bibi shikamoo kwa heshima zote, bibi akaitika marahaba ya mdomo tu, maana alishasikia anachopita akikisema. Alisema maradhi yamo visimani. Alisema choo na kisima chetu ni majirani mno, na ardhi ya Tanga chini ni matumbawe, ina matundu kama mkate wa kumimina, kinachoingia shimo hili hutokea shimo lile. Bibi akamjibu kwamba kisima hicho kilichimbwa na babu yake kabla serikali yake haijajua njia ya kuja huku, na kwamba maji ya hapa yanachujwa, yanatulizwa, yanafukizwa. Kisha, ili kulimaliza jambo, akamchotea kata ya sabili. Bwana Afya aliipokea kwa mikono miwili, akanusa, akasifu harufu yake, akairudisha bila kunywa.

Kurudisha maji ya sabili! Bibi alingoja mpaka mtu wa watu akaondoka, kisha akasema maneno ambayo sitayaandika, naye alikuwa mwanamke wa swala tano.

Kutoka kwetu Bwana Afya aliingia kwa kina Saumu. Alimkuta mtoto amelala, midomo imepasuka, na mama yake kakaa kando na kitambaa kilicholoweshwa. Akamwambia huyo mtoto anywe, tena asiachwe: maji yaliyochemshwa au dafu, kijiko kwa kijiko, akitapika aanzwe upya, huku yeye akitafuta gari la kumpeleka hospitali. Akasema kinachowaua ni kukauka. Alipotoka nje kina mama walimcheka, mwanamume asiyejua kulea anakuja kufundisha wazazi. Bibi naye alikuwemo na alicheka pamoja nao, lakini nakumbuka kwamba alinyamaza kabla ya wenzake.

Kesho yake, nikiwa chuoni, Bwana Afya alirudi kwa bibi. Nilirudi kwa chakula cha mchana nikamkuta akitoka uani na chupa tupu, bibi kamfungulia mlango mwenyewe, amejifunga kanga kiunoni kama mwenye kesi na anajua atashinda. Nilimuuliza yule alitaka nini. Akanijibu ametia dawa chooni. Nikafikiri ni dawa ya mende, na nikashukuru, kwa kuwa mende wa choo kile nilikuwa nawaogopa kuliko simba.

Asubuhi iliyofuata nilivuta debe kisimani, nikamimina katika bakuli jeupe la kauri ninawe uso. Maji yalikuwa ya kijani. Hakikuwa kijani cha ukoga wala cha majani yaliyooza. Kilikuwa kinang'aa, chepesi, jua linapita ndani yake mpaka chini ya bakuli. Sikuwa nimeona rangi nzuri kama hiyo. Na mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba watu wa peponi huvaa hariri ya kijani. Mwaka mzima nilikuwa nampelekea mama maji. Sikuwa na haja ya kumuuliza mtu.

Nikalibeba bakuli kwa mikono miwili mpaka kwa bibi, aliyekuwa bado juu ya mswala, tasbihi mkononi.

"Bibi," nilisema, "mama amejibu."

Akaangalia bakuli. Nikadhani hajaelewa, nikamweleza kwa furaha yote niliyokuwa nayo: maji yale waliyokunywa watu yamemfika, kiu imemtoka, na sasa katuletea rangi ya nguo zake. Bibi akatia kidole ndani, akakitoa, akautazama ukucha wake. Tasbihi ikamwanguka, asiiokote.

"Huoni, bibi?"

"Naona, mke mwenzangu," alisema. "Naona vizuri."

Mimi nilikuja kuambiwa miaka mingi baadaye, lakini ninyi niwaambie sasa. Kile Bwana Afya alichotia chooni ilikuwa rangi. Alimwambia bibi: mama, mimi sitaki ubishi na wewe, niruhusu nitie rangi hii shimoni, isipoonekana kisimani sitakusumbua tena. Bibi akaruhusu kwa kuwa hakuwa na wasiwasi hata chembe. Na sasa mjukuu wake kamletea rangi ile ndani ya bakuli, anacheka, anamwambia ni salamu za marehemu.

Fikirini alichokiona pale. Maji aliyoyachuja, akayafukiza, akampa mwanawe kila siku ya maisha yake. Na maji aliyoyatoa chumbani akiyakumbatia ili mwanawe asiyaone, maana kama Bwana Afya alisema kweli juu ya kisima, basi na juu ya kukauka alisema kweli. Mimi nimezaa, nimezika, nimeona mengi, na bado sijui yule mwanamke alisimamaje kwa miguu yake mwenyewe asubuhi ile. Lakini alisimama. Alitoka bila buibui, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akaupindua mtungi wa sabili, maji yote yakaenda barabarani. Nililia nikimshika kanga. Akanibandua, akaenda moja kwa moja kwa kina Saumu.

Saumu alikuwa hafumbui macho vizuri. Bibi alikaa chini, akampakata, akaagiza madafu. Kijana mmoja akapanda mnazi wa nyuma. Kina mama waliokuwepo wakaguna, kisha wakasema waziwazi kwamba anataka kumuua mtoto wa mwenziwe, na mama yake Saumu akanyoosha mikono amchukue mwanawe.

"Mimi wa kwangu nilimnyima," alisema bibi. "Huyu atakunywa."

Hakuna aliyemgusa tena. Alimpa kijiko, akangoja, akampa kijiko. Mtoto akatapika, bibi akampangusa, akaanza upya. Nilikaa mlangoni, kwa kuwa milangoni ndiko nilikozoea kukaa, nikatazama koo la rafiki yangu likipanda na kushuka. Sikumfikiria mama. Nilimfikiria Saumu tu, naye anywe kwa ajili yake mwenyewe. Alasiri alikojoa juu ya kanga ya bibi, na bibi akacheka na kulia kwa pamoja, akawaonyesha wenzake ile kanga iliyoloa kama mtu anayeonyesha doti jipya. Gari likafika baadaye, akapelekwa hospitali, na aliporudi alikuwa kichwa na macho tu, na jambo la kwanza alilodai ni vitumbua. Yu hai mpaka leo. Ana vitukuu, na bado ni mlafi.

Kisima kilizibwa. Watu walikuja na vifusi na mawe, na kila jiwe lililoanguka lilitoa mlio mzito, mpaka mlio ukawa mkavu. Bibi alikuwa jikoni, amewapa mgongo. Mpapai aliuacha, ila mapapai yake hakuyala tena.

Mtungi wa sabili ukabaki barazani, umefunikizwa mdomo chini. Hapo ndipo nilipougua, ugonjwa usio na homa. Watu walipita, hawakupata, wakaenda zao, na mimi nikajua kwamba huko aliko mama amenyanyua macho kuangalia mtungi na mtungi haupo. Tumeutoa kwa mara ya pili. Sikula. Bibi alipouliza nina nini nikamwambia, na nilimwambia vibaya, kwa hasira ya mtoto: kwamba yeye ndiye anayemtia mama kiu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunipiga, wala hakunieleza.

Asubuhi yake alivaa buibui, akachukua ndoo, akaniambia tufuatane. Tukaenda njia panda, kwenye bomba. Bibi yangu, mwenye maji yenye jina, akajipanga nyuma ya wanawake wa mkonge aliokuwa akiwasikitikia, wengine wakimpisha kwa sababu ya umri wake naye akikataa kupishwa. Nyumbani akayachemsha yale maji katika sufuria kubwa, akayaacha yapoe, akayafunika. Akausugua mtungi upya, akauanika. Akatia makaa katika chetezo, akadondosha ubani, akauinamisha. Nikaleta kifuniko cha ukili bila kuambiwa.

Tulipomaliza akanichotea nionje. Ubani ulikuwepo. Chini ya ubani kulikuwa na dawa, ile harufu ya hospitali, na chini ya dawa hakukuwa na kitu. Hakukuwa na chumvi wala ule udongo wetu. Machozi yakanijia.

"Mama hayajui maji haya," nilisema.

"Hayajui," alisema bibi. "Ndiyo maana namletea."

Jioni mpishi wa Raskazone akashuka baiskeli yake, akachota, akanywa nusu, akashusha kata na kumtazama bibi. Alisema kwa upole kwamba leo maji yamekuwa mengine. Bibi alikubali kwamba ni mengine, akamwomba amalize. Akamaliza. Nilitazama koo lake mpaka tone la mwisho.

Habari ya rangi bibi aliniambia nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, wakati ananifundisha kumchemshia maji. Nikamlaza mtoto pembeni. Nilimuuliza kwa nini aliniacha miaka yote ile nikiamini kwamba mama alijibu. Alikuwa anakunja nepi. "Ulikuwa umefurahi sana," alisema, akaendelea kukunja.

Yeye naye ameshakwenda, zamani. Nyumba imejengwa kwa matofali, choo kiko ndani na kina vigae, na pale palipokuwa na kisima wajukuu wangu wameegesha bodaboda. Barazani kuna mtungi. Vijana wanaucheka, halafu wakitoka kwenye mpira wanaunywa mpaka chini. Ya bomba, nimeyachemsha, nimeyafukiza, na ninayaweka kwa nia ya wawili sasa. Hakuna mtoto wa mtaa huu aliyedhurika kwa maji yangu, na nitaendelea hivyo mpaka mikono ishindwe kuinua sufuria.

Lakini msidhani kwamba sijui ninachokitamani. Jana nilifukiza mtungi, moshi ukanipata usoni, na koo likakauka pale pale. Nikachota, nikanywa, nikachota tena. Ni maji mazuri, salama, hayana kosa. Kiu yangu ni ya yale mengine, yale yenye chumvi kwa mbali, na mkono chini ya kidevu.